Msemaji Hakumaliza

Kamalondo, Lubumbashi
3 Mei 2020

Kaka yangu Zéphirin,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Albertine, na wote wanaokula bukari kwenye sahani zenu. Sisi huku tu wazima, Mungu hajatusahau. Bénie alitimiza miaka tisa Februari, na mdomo wake umekua kuliko miguu. Shule zimefungwa kwa ajili ya huu ugonjwa, basi anakaa nami kwenye mashine, anakata nyuzi na kuniuliza maswali.

Kazi ipo. Washonaji wote wa Kamalondo sasa wanashona cache-nez, hivi vitambaa vya kufunika pua na mdomo. Wenzangu wanatumia kitambaa cha kuchujia chai. Mimi naweka tabaka tatu, na wauguzi wenyewe wanakuja kwangu. Sijisifu, nakupa habari tu.

Sasa jambo lenyewe. Mardochée amenipeleka mahakamani. Huyo huyo mkwe wangu wa zamani, baba yake Bénie, muuza vipuri wa Ruashi. Mwezi wa tatu alikuja kwenye lango langu akasema anataka mtoto wake. Nilimwambia arudi kwa mke wake mpya, Lydie, azae mwingine. Tangu marehemu binti yangu Chancelvie afariki, miaka miwili sasa, ni nani aliyemwogesha Bénie, ni nani aliyemkesha na malaria? Leo amekuwa mkubwa na anajua kusoma, ndipo baba anakumbuka kwamba ni baba.

Hakimu ni mama mmoja mwenye sauti ya chini. Amesema karatasi haipo, kwa hiyo kitakachopimwa ni neno ambalo familia mbili zilikubaliana siku ya kumaliza kilio cha Chancelvie. Siku ile mimi nilikuwa ndani, kwenye mkeka na wanawake, kichwa kimefunikwa. Sikusikia kwa sikio langu. Wewe ndiwe uliyekuwa msemaji wetu huko nje, na wewe ndiwe uliyeingia ukaniambia: "Mutoto atabakia kwako." Msemaji wao, mzee Antoine, alikufa mwaka jana. Kimebaki kinywa chako peke yake.

Kwa sababu ya ugonjwa, mahakama haitaki watu. Wataingia wanaoshtakiana tu, na mashahidi watasikilizwa kwa simu. Nawe hata ungetaka kuja, magari ya abiria hayapiti kizuizi. Basi tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, panda kile kilima chenu cha mtandao, uwe peke yako. Wamesisitiza: shahidi awe peke yake.

Barua hii nampa Liévin, dereva wa lori la samaki. Ningekupigia, lakini mtu wa Kasomeno akiongea kwa simu juu ya kilima, hata mbuzi wanajua habari zake.

Mdogo wako,
Régine


Kasomeno
24 Mei 2020

Mdogo wangu Régine, Mama Chancelvie,

Liévin amefika na barua yako ikiwa inanuka samaki, nikajua ni ya kweli. Salamu zako zimepokewa na kila mtu. Albertine anaumwa na goti lakini anatembea kwa ubishi. Mahindi yametuheshimu mwaka huu. Kanisa limefungwa, katekista anazunguka nyumba kwa nyumba na kusalisha akiwa amesimama mbali, hata paka wanamwona mtu wa ajabu. Jirani yangu Chanda amepata mapacha. Baridi imeanza kuuma asubuhi.

Nimefurahi kwamba wauguzi wanavaa kazi ya mkono wako. Baba yetu angefurahi pia.

Kuhusu kilima, nitapanda. Lakini nina neno na hiyo mahakama yako. Jambo lililosemwa mbele ya watu, anaulizwaje mtu peke yake, sikioni, kama kwenye maungamo? Unajua baba alivyotufundisha kule Kabalo, alipokuwa msemaji wa watu wa reli. Msemaji hatoi neno lote kwa pumzi moja. Anaanza na lile tamu, anatua, watu wanaitika "Eyo", ndipo anaendelea na lile zito. Asipoitikiwa haendelei, kwa sababu neno lisiloitikiwa halina wenyewe. Mimi sijawahi kusema jambo la ukoo mahali ambapo hakuna mtu wa kuitika.

Mwombe hakimu aruhusu watatu wa kwetu na watatu wa kwao wasimame humo ndani. Hata wakivaa cache-nez, wataitika.

Na wewe, ukionana na Mardochée, usimtukane. Muulize kwa upole yeye anakumbuka nini cha siku ile. Mengine tutaongea tukionana, barua ina mwisho wake.

Kaka yako,
Zéphirin


Kamalondo
28 Juni 2020

Kaka yangu mpendwa, msemaji wa wasemaji,

Leo nianze na wifi: goti lake lipakwe mafuta ya moto, asilibishie. Mapacha wa Chanda nimewashonea kofia, Liévin anazo. Sisi huku tumekula kuku.

Tumeshinda!

Subiri nikueleze, maana wewe ulikuwa kilimani na hukuona. Hakimu alikataa watu wako sita. Alisema sheria ni sheria na ugonjwa ni ugonjwa. Humo ndani tulikuwa wanne tu: yeye, karani wake Adalbert, Mardochée na mimi. Shangazi Kalaba alijaribu kuingia, askari akafunga mlango. Ndugu zetu wote na ndugu zao wote wakabaki uani, Bénie akiwa miongoni mwao, wametazama mlango. Simu waliiweka katika bakuli tupu ili sauti ipande. Nilimheshimu Adalbert kwa ujanja huo.

Hakimu akakuuliza kama uko peke yako, ukajibu, "Niko peke yangu, na siyazoea." Nilitaka kucheka. Kisha ukasema kwa ile sauti ya baba: "Siku ile nilisimama mbele ya bantu ba pande mbili. Nilisema hivi: mutoto Bénie atabakia kwa nkambo yake Régine, mama ya mama yake. Bandugu, munasikia?"

Ukanyamaza. Tukaangalia bakuli. Adalbert akasema, "Amemaliza." Akaikata simu kabla hakimu hajakushukuru.

Hapo Mardochée akasimama, akamwambia hakimu: "Mama juge, ule muzee hayamaliza! Kuko ingine neno nyuma!" Hakimu akamwuliza kama ana shahidi mwingine. Hakuwa naye, wake yuko kaburini. Akaketi. Mtu akishindwa hatafuti sababu mbali. Tarehe 23 uamuzi ukasomwa: mtoto anabaki kwangu, kama familia zilivyokubaliana. Nimeitia karatasi katika fremu, nimeitundika juu ya mashine, na kila mteja anaisoma kabla ya kupimwa.

Kaka, nimetembea toka mahakamani hadi Kamalondo katikati ya barabara, magari yakanipisha. Najivunia kuzaliwa tumbo moja nawe. Maneno machache, bila kuyumba, na mtoto amebaki nyumbani.

Bénie tu ndiye aliyenisumbua. Alimwona baba yake akitoka. "Nkambo, juu ya nini papa analia?" Nikamwambia ni vumbi.

Mdogo wako mwenye furaha,
Régine


Kasomeno
19 Julai 2020

Mdogo wangu,

Kofia zimewatosha mapacha. Albertine amepaka mafuta na amekiri kwamba yanasaidia. Baridi imeua miche ya nyanya. Hizo ndizo habari, na zimekwisha mapema kuliko nilivyotaka.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Régine, Mardochée hakusema uongo. Sikumaliza.

Nilitua ili niitikiwe. Nilijua nimeambiwa niko peke yangu, lakini ulimi uliofundishwa miaka arobaini haujui simu. Nikasubiri. Nikasikia kitu kama upepo ndani ya chungu, sasa najua ni bakuli lenu, halafu kimya. Nikaita "Halo". Nikapiga namba ile mara nane, haikupokelewa. Nikajiambia mtandao umekatika kwao, watarudi. Nilikaa kilimani hadi jua lilipoanza kushuka, na kesho yake nikapanda tena. Nilidhani kesi imeahirishwa. Sikujua kwamba nusu ya neno langu imekwisha kuwa uamuzi.

Hii hapa nusu iliyobaki, kama nilivyoisema siku ya kumaliza kilio, mbele ya watu wa pande mbili, na wote wakaitika: "Atabakia kwa nkambo yake mupaka atimize miaka kenda. Akitimiza, baba yake atakuja kumukamata kwa mukono, na siye hatutamufungia mulango."

Bénie alitimiza hiyo tisa Februari, ndiyo maana baba yake alikuja mwezi wa tatu. Alihesabu miaka yake sawasawa.

Sasa lililo baya zaidi. Mahakamani ni kimya kilichonikata. Lakini siku ile ya kilio, nilipoingia kwenye chumba cha wanawake, nilikuona umeshika sandali za Chancelvie, na nilisema nusu ya kwanza kwa kusudi. Nikajiambia nusu ya pili nitaisema kesho. Kesho ikawa miaka miwili. Mimi, mtoto wa yule baba, niliyesifiwa toka Kabalo hadi hapa kwamba sipindishi neno, nilikukatia wewe neno.

Sitakwenda kwa hakimu nyuma ya mgongo wako. Nimekwisha kukupita mara moja, sirudii. Magari yakianza kupita na ukiniita, nitakuja. Usiponiita, nitakaa hapa na aibu yangu, nami nitaizoea kama Albertine na goti lake.

Kaka yako,
Zéphirin


Kamalondo
9 Agosti 2020

Zéphirin,

Barua imefika. Bénie hajambo. Baridi inakwisha.

Régine


Kamalondo
20 Septemba 2020

Kaka,

Salamu kwa Albertine na mapacha wa jirani. Wewe nitakusalimu mwishoni, nikifika na hasira zikiwa zimepungua.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ni mshonaji, nguo nazijua, na bado sikukuona. Wiki hizi zote nimekuwa nikikukasirikia mpaka mikono ikakosea. Nimekata mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja, mimi Régine, ambaye toka enzi za harusi yangu sijawahi kurudishiwa nguo. Nilitaka kuichoma barua yako. Nani angejua? Mlango ulifungwa, ndani walikuwa wanne, na aliyesema kweli kati yao hakuaminiwa. Mtoto ni wangu kwa muhuri wa serikali.

Lakini ile fremu, kaka. Kila mteja anasimama mbele yake. Mwezi uliopita mama mmoja alinipiga begani: "Mama Régine, weye uliwashinda!" Nikasema asante, nikarudi kwenye mashine. Nimeshinda nini? Mimi niliushinda umaskini, nikakishinda kifo cha mume, nikamsomesha Chancelvie mpaka diploma. Ushindi wangu wote naweza kuueleza mbele ya mtu yeyote, hatua kwa hatua. Huu siwezi kuueleza hata kwa Bénie, na yeye huuliza kila kitu. Nitamwambia kwamba nilimpata kwa sababu mzee mmoja alinyamaza kwenye bakuli? Sina umaskini wa namna hiyo.

Basi nikashusha fremu, nikavaa kitenge changu cha Pasaka, nikaenda mahakamani. Adalbert alicheka, akidhani nimepotea njia. "Mama, ulishashinda. Unarudia kutafuta nini?" Nikamjibu, "Natafuta nusu yenye mulibakisha mu simu." Aliacha kucheka.

Hakimu alinipokea. Nikamsomea barua yako yote, hata mahali pa aibu yako. Unisamehe, au usinisamehe, tumelingana. Akavua miwani, akasema makosa ni ya kwake pia. Amesema alipaswa kuuliza, "Umemaliza?", na kwamba siku ile alikuwa na kesi kumi na tano na simu moja. Sikutegemea hakimu aseme hivyo mbele ya mshonaji. Nimemheshimu.

Kesi itasikilizwa upya tarehe 7 Oktoba, mlango wazi, watu wa pande zote mbili ndani. Nimemwambia Mardochée mwenyewe, dukani kwake Ruashi. Akanipa kiti.

Magari yanapita sasa. Njoo. Vaa lile koti la baba, na uje na maneno yako yote, usisahau hata moja nyumbani. Usidhani nimekusamehe. Nitakusamehe nikipata nafasi, kwa sasa nina nguo nyingi.

Salamu yako ndiyo hii hapa mwishoni, kama nilivyoahidi.

Régine


Kasomeno
25 Oktoba 2020

Mdogo wangu, Mama Chancelvie,

Nimefika salama, na vumbi la barabara yote limo katika koti la baba. Albertine anakushukuru kwa kitambaa. Mvua ya kwanza imenyesha, watu wako mashambani, nami naandika kabla sijawafuata.

Hapa wananiuliza kila mmoja: kesi iliendaje, mlishinda? Nawajibu: tulishindwa, na ketini niwasimulie. Wanadhani uzee umenipanda kichwani, kwa sababu nasimulia nikiwa nimenyoosha shingo.

Nawasimulia ukumbi uliojaa, watu wamesimama hadi dirishani, vitambaa vya mkono wako kwenye nyuso za pande zote mbili. Nawasimulia jinsi nilivyosema nusu ya kwanza, nikatua, na ukumbi mzima ukaitika "Eyo", hata Adalbert ambaye kazi yake ni kuandika tu. Kisha nusu ya pili. Miaka kenda, kwa mkono, hatutamfungia mlango. Nilisema nikikuangalia wewe, maana deni la maneno yale lilikuwa lako. Nikatua tena, na hakuna aliyethubutu. Watu wetu walitazama chini, watu wao walituonea haya. Aliyeitika wa kwanza ulikuwa wewe. Régine, nimesikia watu wengi wakiitika maishani mwangu. Sijawahi kusikia mtu akiitika jambo linalomtoa mtoto mikononi mwake, kwa sauti kavu namna ile, bila kuomba huruma.

Hakimu ameamua kama ilivyosemwa: mtoto kwa baba yake, likizo zote kwako, na nyumba zote mbili milango wazi. Umeniuliza pale uani kama najuta kuja. Sijutii. Baba alikuwa msemaji, mimi ni msemaji, lakini kati yetu sote aliyesimama na neno mpaka mwisho wake ni wewe, nawe hujawahi kupewa fimbo ya kusemea.

Sikuweza kusubiri siku ya kumpeleka. Niandikie ilivyokuwa. Usinifiche kitu, tumekwisha kuona hasara yake.

Kaka yako,
Zéphirin


Kamalondo
8 Novemba 2020

Kaka Zéphirin,

Mvua imefika huku pia, mfereji wa mbele ya duka umejaa. Nawasalimu wote, na mpe Albertine pole ya shamba. Afya yangu ni nzuri. Nyumba ina sauti ndogo kuliko zamani, nimenunua redio.

Umesema nisikufiche, basi sikufichi. Nililia wiki nzima, nikishona. Nimemshonea sare mbili za shule, gauni la Misa, na sketi tatu kubwa kuliko yeye ili akue ndani yake. Kila pindo nimelishona mara mbili, yule Lydie asipate cha kurekebisha.

Mardochée aliniletea habari kwamba atakuja na gari Jumamosi kumchukua. Nikamkatalia. Nilimwambia, "Hapa kwangu hakuna mutoto wa kukamatwa. Ngojeni kwenu, nitamuleta." Alielewa. Ana adabu yule kijana, nilimkosea mengi, na nimemwambia hivyo.

Tarehe 31 tulikwenda Ruashi, mimi, shangazi Kalaba na wanawake sita wa kwetu, wote tumevaa kitenge kimoja. Bénie katikati, sanduku kichwani mwa Kalaba. Watu walitoka kwenye nyumba zao mpya kututazama, wakadhani tunapeleka mahari. Mardochée na ndugu zake walitupokea langoni, wamesimama wote, mikono mbele. Lydie alikuwa amepika sombe na samaki, na nitasema haki: sombe yake ni nzuri. Sipendi kusema hivyo, lakini ni nzuri. Alimpeleka Bénie kuona kitanda chake, na aliniita mimi nitangulie kuingia chumbani, nikakae juu yake kwanza.

Niliketi. Nikakandamiza godoro kwa mikono miwili kama mtu anayenunua. Bénie akaja akasimama kati ya magoti yangu, akiwa na yale macho ya Chancelvie, akaniuliza mbele ya wote, kwa sauti yake isiyojua kunong'ona:

"Nkambo, ni juge njo amenileta huku?"

Mardochée akatazama ukuta.

Nikamwambia, "Juge hajue hata njia ya hii nyumba. Ni miye nimekuleta."

Régine